Sikukuu ya Baba Yako

Wawira mwanangu,

Mimi ni mzima. Hofu yangu leo haiko kwako wala kwa mama yako. Iko juu angani, upande jua linakotua, na nitakueleza kwa nini.

Nimekaa kwenye kitanda changu hapa kambini na jua bado liko. Wakati wa mfungo tunashuka kwenye nguzo za taa za barabarani mapema. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie kwa simu, uzisome kesho asubuhi kabla hujatoka Kianjokoma, uzirudie kwenye ndege, mahali ambapo huwezi kunikatia maneno.

Sitakuambia mahali pa kuweka pasipoti, wala usibebe mzigo wa mtu, wala usije na majani ya muguka ya kutafuna. Najua mama yako ameshalikagua hilo begi mpaka kwenye mishono. Mimi nataka kukuambia yale ambayo hakuna mtu wa huko nyumbani anaweza kukuambia. Na nianze na neno ulilonirushia siku ile tulipogombana kwenye simu.

Nilikuambia usije huku Omani kufanya kazi za nyumba za watu. Nikakuambia ukae, serikali itaajiri walimu. Ukaniambia una cheti cha kufundisha chekechea na unachuma majani chai ya watu. Nikakuambia yule wakala wa kazi za nje wa Makutano kule Meru ni mtu wa kuuza maneno. Ukaniuliza, basi mbona wewe ulienda? Nilikuja huku ili wewe usije, na sasa unakuja. Miaka yote hii juu ya nguzo, na mwisho wake ni huo. Nilipokuambia sawa, kama ni lazima uje nitakuja kukupokea, ulisema polepole, vile mama yako husema akiwa amechoka na mtu:

"Hiyo ni kweli, Baba, ama ni sikukuu ya baba?"

Nilikata simu. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nimesikia hilo neno mara ya kwanza na nikaelewa mara moja. Baadaye mama yako alinieleza kwamba hapo nyumbani mmelitumia miaka. Mtoto akiahidiwa viatu na visije, anaambiwa hiyo ni sikukuu ya baba. Chama cha siasa kikisema stima ya kuwasha taa inakuja, sikukuu ya baba. Hata jirani amelichukua. Kwa hivyo kabla hujafika nataka ujue ile sikukuu ilipotelea wapi.

Msimamizi wetu hapa anaitwa Seif. Ni Mwomani, lakini mama yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili anachoongea si kama changu. Chake kimenyooka. Nilipofika Maskati na kumsikia mtu mwenye kanzu nyeupe akinisalimia kwa Kiswahili nilikaribia kulia. Nikafikiri sasa nimefika kwa ndugu. Ndipo shida ikaanza, kwa sababu Mhindi akiniambia kitu nisichokielewa najua sijaelewa. Seif akiniambia kitu, nafikiri nimeelewa.

Wiki ya kwanza nilimwambia bibi yangu yuko Kianjokoma. Akasema nimshukuru Mungu bado yu hai, akaniuliza ana umri gani. Nikamwambia ni kijana, tena juzi amejifungua mtoto wa kiume. Seif aliketi chini kwenye mchanga. Kwetu bibi ni mke, kwao bibi ni mama mzaa mama. Mpaka leo akitaka kunichokoza ananiuliza habari za ajuza wangu anayezaa.

Huo ulikuwa mzaha. Lakini nilipomaliza miaka miwili ya kwanza, likizo yangu ikiwa imefika, Seif aliniambia, "Njeru, utakwenda kwenu sikukuu, inshallah." Basi. Nikawapigia simu siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa darasa la tano. Nikasema baba anakuja sikukuu.

Sasa wewe niambie, kwetu sikukuu ni nini? Hata tukiongea Kiembu sikukuu ni moja. Ni Krismasi. Ni mbuzi na chapati na watu wa Nairobi kujaa steji ya magari na mifuko. Ukimwambia mtu wa Kianjokoma, au wa Manyatta, kwamba unakuja sikukuu, hawezi kukuuliza ipi.

Ilikuwa wakati wa ile baridi yenu ya mwezi wa saba. Mfungo ukaisha, na siku mbili kabla ya Idd Seif akaja na karatasi ya tiketi mkononi. Akaniuliza mbona sijafunga sanduku. Nikamwambia bado nangoja sikukuu. Akaniangalia. Akaniuliza tena kama siendi. Nikasema nitaenda, lakini sikukuu ikifika. Alifikiri nina jambo langu, labda nimekosana na nyumbani, na watu wa hapa hawachimbi mambo ya nyumba ya mtu. Akasema haya, shauri yako, na ile tiketi akapewa mwingine.

Nilifunga sanduku Disemba. Nilikuwa nimekununulia kalamu za rangi na mama yako leso. Nikaenda kwa Seif kuchukua tiketi, naye akaniuliza naenda wapi. Nikasema nyumbani, sikukuu. Akasema, "Sikukuu ipi?"

Wawira, tulisimama pale tukiangaliana kama watu wawili waliogongana mlangoni. Alipoelewa hakucheka. Kumbe kwao sikukuu ni Idd. Krismasi hapa ni siku ya kazi kama Jumanne yoyote. Alijaribu, nasema ukweli alijaribu, lakini ofisi ilikuwa imeshafunga ukurasa wangu mpaka mwaka mwingine. Na mimi sikuwaambia nyumbani. Kila siku nilifikiri kesho watabadilisha. Ndiyo maana siku ya Krismasi ulikaa kwenye steji na lile rinda la njano toka asubuhi mpaka gari la mwisho, na mbuzi wamemfunga, na mimi niko juu ya nguzo nikishusha bendera zilizobaki za siku ya taifa lao.

Kosa halikuwa la Seif. Nilisikia lile neno, na moyoni kuna kitu kidogo kilisema uliza. Sikuuliza kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na niliona aibu kumwambia Mwarabu anifafanulie lugha ambayo mimi nilifikiri ni yangu. Niliachia shule darasa la sita. Mtu wa darasa la sita ana hiyo aibu kila mahali anapoenda. Wewe una cheti, na watu wenye cheti wana aibu yao nyingine, mbaya zaidi. Mama wa nyumba unakoenda anajua Kiswahili, wakala alijisifu kwa hilo. Mimi hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Akikuambia chai anaweza kuwa anataka chakula chote cha asubuhi. Akikuita shoga yake, usikasirike, kwao ni rafiki wa kike, amekupenda tu. Muulize kila kitu mara mbili. Akichoka na maswali yako, acha achoke.

Kazi yangu umeijua kwa jina la umeme. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa kufunga sikukuu. Siku ya taifa ikikaribia tunapanda kufunga bendera na taa nyekundu, nyeupe na kijani, barabara baada ya barabara. Mfungo ukikaribia tunafunga vibuyu vya taa na miezi ya chuma yenye balbu. Zikiisha tunashusha, tunaosha, tunapeleka stoo, tunaanza tena. Ukisikia watu wa hapa wamepumzika, ujue mimi nimechoka. Nimezijua sikukuu zao zote kwa mabega. Isipokuwa mwaka mpya wao. Mara ya kwanza nilipanda juu ya paa la kambi na chai yangu nikingoja baruti, vile Nairobi hufanya. Hakukuwa na kitu. Watu walisali wakalala, na mimi nikabaki juu na chai imepoa. Maulidi pia ni ya kusoma zaidi kuliko ya taa. Hizo mbili nazipenda.

Wewe utazijua kwa mikono. Mfungo katika nyumba ya watu ni kupika toka alasiri na kuosha vyombo mpaka wamekula daku. Idd kubwa kule mashambani wanafukia nyama kwenye shimo la moto, kila nyumba na gunia lake limewekwa alama, na inatoka imeiva mpaka mfupa unajichomoa. Ni tamu sana. Utaiandaa kwa wageni wa siku nzima na utakula mwisho, umesimama. Jumapili itakuwa siku ya kazi na Ijumaa ndiyo ya kutulia, kama watakuachia. Krismasi ya kwanza itakuuma. Sina dawa ya hiyo, na nisikudanganye. Mimi ya kwangu ya kwanza niliimba peke yangu bafuni, maji yakiwa yanamwagika ili nisisikike.

Lakini kuna usiku mmoja katikati ya mfungo watoto wa hapa hupita nyumba kwa nyumba wakigonganisha kombe za baharini na kuimba, wapewe peremende na karanga. Wadogo, wa rika lile la chekechea. Huwa nashuka kwenye nguzo niwaangalie. Huwa nafikiri, Wawira angekuwa hapa angeshawapanga mstari. Huo usiku usikose kutoka mlangoni.

Sasa ile hofu yangu ya angani. Kampuni inatupa siku moja tu, Idd mosi. Idd pili tunaanza kushusha. Na Idd haiko kwenye kalenda, iko kwenye mwezi. Leo jua likitua wanaume wenye kazi hiyo wataangalia magharibi. Wakiuona mwezi umeandama, Idd ni kesho, siku ambayo wewe bado uko njiani kwenda Nairobi, na asubuhi unayotua hapa mimi nitakuwa nimepanda nguzo. Wasipouona, wanatimiza siku thelathini za mfungo, na Idd inakuwa kesho kutwa, asubuhi ile ile unayotoka kwenye mlango wa ndege.

Nimeomba ruhusa. Nimeomba kwa Seif, nimeomba ofisini, nimeomba nikatwe mshahara. Ofisini wameniambia kila mtu ana binti. Seif akaniambia, "Mimi sina la kufanya, Njeru. Omba mwezi ujifiche." Kambi nzima imefunga toka alfajiri, wana njaa, wanaomba uonekane. Mimi Mkristo wa Embu peke yangu naomba usionekane. Jirani yangu wa kitanda, Rafiq wa Bangladeshi, ameshanyoosha kanzu yake ya kesho na kuitundika. Nimemwambia ninachoomba. Ameniambia nina roho mbaya.

Usifikiri nataka kuja ili tulie mbele ya watu. Mwaka jana tulifunga taa kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege, na niliwaona wasichana wetu wakifika. Wanakaa kwenye kona na karatasi mkononi mpaka mtu aje awaoneshe kidole, wewe, twende. Hakuna anayewauliza jina. Siku moja alikuwepo mmoja wa Meru, nilimjua kwa sauti, na kaka yake alikuwa amekuja kumpokea, dereva wa lori. Yule kaka hakufanya kitu kikubwa. Alimsalimia mwajiri kwa mkono, akasema huyu ni dada yangu, akaandika namba yake ya simu. Mwajiri akabadilika usoni. Akamchukulia yule msichana begi. Mimi nikiwa juu ya ngazi niliona mtu akigeuka kuwa mtu kwa sababu ana mtu.

Hilo ndilo ninalolitaka. Waajiri wako wanatoka mji wa Sur, mwendo mrefu kutoka hapa, na wakishakupakia gari sijui nitakuona lini. Nataka wakuone una baba, na baba yuko nchi hii hii. Nimefanya mazoezi na Seif. Nilisema, "Mimi ni baba ya huyu." Akasema hapana, "Huyu ni binti yangu, nakukabidhini kwa amani." Nikamwambia hiyo ni ndefu. Akasema irefushe, waone huna haraka. Mzee akiwepo nianze na shikamoo. Nimeirudia mpaka Rafiq anaijua.

Kama mwezi utaonekana na nisiwepo, fanya hivi. Usikae kwenye kona. Simama karibu na mlango, na akija wa kukuchukua umsalimie wewe kwanza, umwambie baba yangu anafanya kazi Maskati, hii ndiyo namba yake, iandike. Usingoje aulize. Halafu mkiwa barabarani angalia juu. Miezi ya chuma iliyo kwenye nguzo kutoka uwanja wa ndege nimeifunga mimi. Mmoja umeinama kidogo baada ya mzunguko wa kwanza wa barabara. Upepo uliusukuma na sikuurudisha, nikijua utapita hapo. Huo ni wangu.

Naacha hapa kidogo. Wanaadhini.

Nimerudi. Sikiliza vile ilikuwa. Wamefuturu kwa tende na maji, halafu wote wakashika simu. Mara kelele zikaanza chumba cha mwisho, zikaja mpaka chetu. Saudia wameuona. Rafiq akanishika mabega akanitikisa, akiniambia kesho sikukuu, kesho sikukuu. Nilikaa chini. Nilichukua kalamu nikaandika hapa chini maneno ambayo nimeyakata, usijaribu kuyasoma. Niliwaza miaka yote nimefunga miezi ya watu hawa, na mmoja tu ninaoutaka usiwepo ndio umetokea.

Halafu simu yangu ikalia. Ni Seif.

"Njeru, wewe una bahati ya mwizi. Saudia ni Saudia. Hapa hatukuuona. Tunatimiza thelathini."

Nikamuuliza maana yake nini.

"Maana yake kesho uko juu ya nguzo na mimi nina njaa. Kesho kutwa sikukuu."

Hapo, mwanangu, sikuona aibu. Nikamwambia, "Sikukuu ipi?"

Nikafikiri amekasirika. Kisha nikamsikia anacheka, na akaniambia polepole kama mtu anayemsomea mtoto, "Idd, Njeru. Idd mosi. Siku yako ya mapumziko. Kesho kutwa, asubuhi. Umeelewa?" Nikamwambia arudie. Akarudia.

Rafiq haongei na mimi. Ameirudisha kanzu kwenye kabati na amenigeuzia mgongo, nami namwelewa. Baadhi ya majirani zetu ng'ambo ya mpaka wanakula kesho, yeye anafunga tena kwa jua hili, na mimi natabasamu.

Nilipofika huku Idd ilikuwa mwezi wa saba. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi hivi, sasa imefika karibu na mvua zenu. Siku moja itafika Disemba, na hapo mimi na Seif tutakuwa tunasema sikukuu moja. Sitaki uwe bado hapa siku hiyo. Sitaki hata uje, hilo halijabadilika, na usifikiri kwa sababu nimefurahi leo nimekubali. Ukinikasirisha mbele ya watu wa Sur kwa kuniambia nimekonda, nitakukasirikia.

Usinitafute kwa sura uliyoiona mwaka ule uliomaliza sekondari. Nimekonda kweli na nywele zimeondoka. Tafuta mtu wa shati la bluu aliyesimama mbele ya wote, kwa sababu nitafika kabla ya wote, hata ikibidi nitembee, maana asubuhi ya Idd mabasi ni shida.

Asubuhi kabla hujapanda gari hapo steji, mahali pale uliponingojea na rinda la njano, mwambie mama yako sikukuu ya baba imefika. Imechelewa, na imeangukia mbali na nyumbani, lakini mwambie nimeuliza ni ipi.

Ni mimi baba yako,
Njeru